Kishungi cha Edwin

Shemeji yangu, Mwalimu Josiah Ormerod, alikuwa na jibu la kila kitu, na ndiyo maana nilikuwa simpendi. Ukimwambia jua limezama vizuri leo, atakwambia jua halizami, dunia ndiyo inayozunguka. Miaka mitatu alikaa na dada yangu Thirza katika nyumba ya mwalimu, ubavuni mwa shule, na sikumwona hata siku moja akimshika mkono.

Alhamisi kifaduro kilimchukua mtoto wao wa pekee, Edwin, wa miezi saba. Jumamosi asubuhi tulikuwa tumekaa sebuleni na jeneza lake mezani, mapazia yameshushwa, paja la nguruwe limeshachemshwa kwa ajili ya watu wa mazishi. Seremala alikuwa nje ya mlango na misumari yake, akisubiri kulipigilia jeneza. Thirza alitaka kitu kimoja tu duniani: kile kishungi cha nywele za rangi ya dhahabu cha mbele ya kichwa cha mwanawe, akitie ndani ya kidani, avae shingoni. Kila mama mfiwa wa mtaa wetu anacho. Mama yetu alikuwa na vinne.

"Hapana," alisema Josiah. "Nywele ni sawasawa na kucha, Thirza. Hazina uhai hata mtu akiwa hai. Utakaa ulilie kucha?"

"Kidogo tu, Josiah."

"Mtaa huu umezika watoto kumi na saba tangu Krismasi. Mama zao wangapi wameponywa na kishungi? Nipe idadi."

Mimi nilikuwa na la kusema, nikalisema.

"Shemeji, hivi wewe ulizaliwa au ulichongwa?"

"Kelele si hoja, Keziah."

Sasa mtu wa namna hiyo unagombana naye vipi? Ni kutwanga maji kwenye kinu. Nilitamani kumrushia lile paja la nguruwe.

Lakini sisi wafumaji tuna njia yetu. Kwenye ukumbi wa kiwanda cha nguo wenye mitambo mia nne ya kufumia husikii hata jina lako, kwa hiyo tunasema kwa midomo bila sauti, na macho ndiyo masikio. Thirza alifuma miaka sita kabla ya kuolewa. Jirani yetu Nancy Shackleton, aliyekuwa amekaa karibu na jeneza, anafuma mpaka leo. Josiah alikuja toka mji wa mbali na sanduku la vitabu, akasema baba yake alikuwa karani, nasi tukaamini. Miaka mitatu tukamsengenya mezani kwake, mbele ya macho yake, huku tukila mkate wake. Tulimwita Ubao.

"Nancy," nikasema kwa midomo, "nitampeleka huyu uani, nimwambie bomba limeziba. Wewe ukate."

"Mkasi ninao," Nancy akajibu vivyo hivyo. "Fanya upesi, shoga, kabla Ubao hajaota mizizi."

"Cha mbele," midomo ya Thirza ikasema. "Tafadhali, kile cha mbele."

Nikageuka, nikasema kwa sauti, "Shemeji, hebu njoo uani mara moja, bomba—"

Hakuinuka. Aliniangalia, kisha midomo yake ikaanza kusema bila sauti, kwa ule mtindo wa zamani wa kupanua kinywa, walioupata watoto waliotambaa chini ya mitambo wakiokota pamba. Kumbe mtoto wa karani alikulia kiwandani kama sisi.

"Kateni za kisogoni. Cha mbele nilishakikata mimi jana."

Nancy akainua kofia ya marehemu. Kweli, hakikuwepo.

Kwanza niliona aibu, nikakumbuka yote tuliyomsema miaka mitatu. Halafu hasira ikanipanda mpaka masikioni. Mtu anacho mwenyewe, na mkewe anamwomba kama ombaomba!

"Unacho," Thirza akasema kwa sauti.

"Ninacho."

"Na mimi ukanidai idadi."

Josiah akafungua kinywa. Hakikutoka kitu, si kwa sauti wala kwa midomo. Siku zote nilitaka kumwona amekosa jibu. Nilipomwona, sikupata raha yoyote.

Thirza akamnyooshea kiganja. Josiah akaufunika mfuko wa kizibao chake kwa mikono miwili, akatikisa kichwa, machozi yanamtiririka mpaka kwenye ukosi.

"Sitaweza," alisema. "Nisamehe. Sitaweza."

Basi Nancy akamgeuza mtoto, akatafuta. Kisogo cha mtoto wa miezi saba, aliyelala chali tangu azaliwe, kina nywele gani? Alipata tisa. Thirza akazifumbata, akapita mbele ya mumewe bila kumtazama, akamfungulia seremala mlango.