Mikono Nyuma ya Nguzo

Jina la Msumari alipewa na mashabiki, enzi zile kila penalti yake ilipopita katikati ya nguzo kama iliyopigiliwa. Sasa msumari ulikuwa umepinda. Timu ya taifa ya raga ilikuwa imefungwa mechi mbili za kwanza za mashindano ya kimataifa, zote kwa pointi chache, na pointi zenyewe, hakuna aliyehitaji kuuliza, zilikuwa zimelala mguuni mwake. Leo ilikuwa ya tatu: wakifungwa, wafunge na mizigo.

Ajabu ni kwamba aliamka na raha zake. Wiki nzima walifanya mazoezi katika ukungu wa asubuhi, mpira ukimezwa na weupe kabla haujafika. Lakini Kabati, lile jitu la safu ya mbele, alijitolea kudaka mipira nyuma ya nguzo, na kila mara alinyanyua mikono juu: umeingia! Tena, na tena. Mguu umerudi, Msumari akajiambia, akalala kama mtoto aliyeshiba.

Baada ya chai akapitia kwa Bwana Video, mpiga picha wa timu, ambaye kamera yake ilikuwa jukwaani, nyuma ya nguzo zilezile.

"Njoo uone mguu wako unavyokanyaga," Bwana Video akasema, hana hili wala lile.

Kwenye skrini mpira ukachomoza ukunguni, ukapita nje ya nguzo, mbali kabisa. Chini yake, Kabati, mikono juu, meno yote nje.

"Hebu rudisha."

Akarudisha. Mikono ikapanda tena.

"Mi nilidhani unajua," Bwana Video akasema, akikohoa kikohozi kisichokuwepo.

Katika chumba cha kuvalia, Kabati alikuwa akijifunga plasta masikioni.

"We Kabati, mipira yangu iliingia?"

"Ipi?"

"Usinifanye mtoto."

"Tulikaa kikao, bwana. Mgonjwa haambiwi homa imepanda."

"Kikao aliitisha nani?"

Kabati akatazama viatu vya nahodha. Nahodha alikuwa amemwoa dada yake Msumari. Walikula sahani moja miaka mingi.

"Shemeji," nahodha akasema, "nilitaka upate moyo. Ukiinama wewe, tunainama wote."

"Nguo ya kuazima haisitiri matako, shemeji."

Kwa kawaida wangecheka. Leo kila mtu alishughulika na kamba za viatu vyake.

Wakacheza kama watu waliofunga lango huku wakijua dirisha liko wazi. Mwishoni kabisa, wakiwa nyuma kwa pointi mbili, refa akawapa penalti. Ikiingia, ni pointi tatu, na wamebaki mashindanoni. Nahodha akaushika mpira bila kumtazama Msumari.

"Tuupige nje, karibu na kona, tukasukumane huko?" akauliza kwa sauti ya kuulizia hali hospitali.

"Nijibu kwanza. Zilizokosa mazoezini zilipita upande gani?"

"Kulia, shemeji. Zote."

Zote! Kumbe maradhi yalijulikana, na wiki nzima walimficha jina lake, wakampa pipi.

"Lete mpira."

Akailenga nguzo ya kushoto, ili mpira ukipinda kama kawaida yake uingie katikati. Nyuma ya nguzo walisimama washika bendera wawili, watu wasiompenda wala kumchukia. Akavuta pumzi, akapiga, na mguuni akasikia ule mlio mtamu wa zamani. Mpira haukupinda hata kidogo. Ulikwenda palepale alipolenga: ngo! Nguzo ya kushoto ikaurudisha uwanjani, na filimbi ya mwisho ikalia.

Chumbani wakampita mmoja mmoja, wakimpapasa bega. "Bahati mbaya." "Nguzo ile ina mkono wa mtu." Kisha benchi likalalamika: Kabati ameketi.

"Umekosa," Kabati akasema.

"Upande gani?" Msumari akauliza.

"Kushoto. Lakini ulinyooka, mjinga wewe. Ulinyooka kweli."

Msumari akafunika uso kwa taulo, mabega yakaanza kumtikisika. Nahodha alikuwa mlangoni, hakuweza kujua ni kicheko au ni nini, na safari hii hakuthubutu kumwambia mtu kwamba shemeji yuko salama.