Neno Lililobandikwa Kwenye Randa

Muuguzi alikuwa na maneno thelathini ya Kiingereza ya kukariri kwa ajili ya mtihani, yote ya udhaifu: kuchakaa, kupungua, kufifia, kumomonyoka. Aliyetunga mtihani ule, jamani, sijui alikuwa na majonzi gani. Akifaulu, angekwenda ng'ambo miaka miwili kusomea kazi ya chumba cha upasuaji. Kilichomsumbua hasa ni baba yake, seremala, ambaye angebaki peke yake.

"Baba, utaweza?" alimuuliza mara moja tu.

"Niweze nini? Mimi kabla ya chai nimesharanda mbao mbili!"

Na kweli, kila asubuhi binti alisikia chuma kikinolewa kwenye karakana nyuma ya nyumba. Moyo ukamtulia.

Ili maneno yamkae kichwani, aliandika kila moja kwenye karatasi na kulibandika panapolifaa. La kuchakaa likapata zulia. La kumomonyoka likapata ngazi ya mlangoni. La kupungua likabandikwa kwenye kopo la sukari, na tangu hapo mzee akawa anachota kijiko kwa kuibia.

"Nyumba yangu umeigeuza wodi," alinung'unika. "Hata pazia lina cheti cha ugonjwa!"

Siku moja kabla ya mtihani lilibaki neno moja, la kuishiwa makali. Muuguzi alizunguka nalo nyumba nzima, mwisho akaenda kulibandika kwenye randa ya baba yake. Mzee alipoambiwa maana yake, alikuja juu.

"Butu? Randa yangu? Tangu uzaliwe umewahi kuiona butu? Hebu njoo hapa!"

Akabana ubao kwenye jiliwa, kile kibanio cha mezani, akasukuma randa. Msukumo wa kwanza ulitoa utepe mwembamba, safi kabisa. Wa pili uliishia katikati. Wa tatu randa haikuondoka mahali pake. Mzee akaegemea meza, jasho linamtoka, anahemea mdomoni. Binti akatazama sakafu. Hapakuwa na maranda, ila ule utepe mmoja juu ya vumbi la siku nyingi. Kumbe miezi yote ile mzee alikuwa ananoa tu, apate kusikika.

Mzee akabandua karatasi kwenye randa, akaibandika kwenye mkono wa shati lake, akaikandamiza kwa kidole gumba mpaka ikashika.

"Ulikosea mahali tu, mwanangu. Randa haina kosa."

Muuguzi alilia bila kujificha. "Basi siendi."

"Utakwenda. Nilikudanganya ili uondoke na amani. Huo ulikuwa ujinga wangu. Sasa utaondoka unajua, na tutapanga kama watu wanaojua."

Wakapanga. Jirani fundi viatu angepita kila asubuhi na jioni. Vifaa vizito vikauzwa, randa ikabaki, maana mzee alisema kunoa bado anaweza na hakuna aliyembishia.

Muuguzi alipata maneno ishirini na tisa, akafaulu. Lile la thelathini alilijua vizuri, lakini alilipofikia, mkono haukuandika.

Siku ya safari baba yake alimsindikiza mpaka getini. Sanduku lilikuwa chini kati yao. Mzee akalitazama, kisha akamwita fundi viatu aje alibebe.