Pembe ya Kufunga Shule

Mwalimu Jenoveva alikuwa amepiga magoti mbele ya mafiga ya jiko la shule, anapuliza kuni mbichi, moshi unamchoma macho, na chai yenyewe hajainywa. Mwalimu mkuu mzima, siku ya kufunga shule! Lakini afanyeje? Mpishi aliacha kazi baada ya Pasaka, akashuka zake Hedaru kuuza mitumba, na wala huwezi kumlaumu. Watoto nao hawawezi kufunga muhula na njaa. Basi akapuliza, akakohoa, akapuliza tena, mpaka makande yakaanza kutokota.

Ilikuwa Juni, na Juni ya Upareni si mchezo. Ukungu ulikuwa umelala bondeni tangu alfajiri. Ng'ambo ya pili huoni nyumba hata moja, unasikia tu jogoo na mtu anapasua kuni. Shule ya Msingi Kwamzava ilikaa kwenye bega la mlima, na watoto wake wengi walitoka ng'ambo hiyo, wateremke hadi mtoni halafu wapande.

"Umeamkaje, Jenoveva?"

Hakuhitaji kugeuka. Mtu mmoja tu kijijini pale ndiye aliyekuwa akimwita kwa jina bila "mwalimu" mbele yake, naye ni Zefania, aliyekaa naye dawati moja utotoni.

"Salama tu, Zefania. Mbona mapema? Wazazi tumewaita saa nne."

"Sikuja kwenye kikao mimi. Sina fomu. Nije nikae kwenye nyasi nitazame wenzangu wanavyopokea?"

Hapo ndipo penye donda. Zamani taarifa ya mtoto ilikuwa kazi ya shule, basi. Sasa kila kitu soko huria, na taarifa za kufunga muhula ziliandikwa kwenye fomu zilizochapwa na duka moja huko mjini, mzazi alipie kwanza ndipo iletwe. Asiyelipia, matokeo ya mwanawe hayatolewi, iwe kwa maandishi au kwa mdomo. Waraka ulisema hivyo hivyo: "au kwa mdomo." Huyo aliyekaa ofisini akafikiria kuongeza maneno hayo, Mungu anamwona.

"Kahawa ninayo," Zefania alisema, akijikunyata ndani ya koti lake la zamani la kambi ya mkonge. "Imejaa darini inaota ukungu. Ushirika hauji tena. Anayekuja ni yule mnunuzi wa gari jeupe, na bei yake ni matusi." Akakohoa. Alirudi na kifua hicho mlimani siku shamba la mkonge lilipofungwa, na ndicho alicholipwa.

Jenoveva alitazama nyuma, kisha akashusha sauti. "Njoo ofisini, nikunong'oneze. Eva ame..."

"Usininong'oneze!" Zefania alirudi nyuma kama aliyeunguzwa. "Mwanangu anong'onezwe kama kesi ya wizi? Nisikilize. Kesho gari la mnada linashuka Hedaru. Zaituni, yule mwenye mgahawa, anataka msichana wa kumsaidia. Ni mtu mwema, tunajuana tangu siku za mkonge, atamlisha vizuri. Nimemwambia Eva: ukiitwa, unaendelea na shule. Usipoitwa, unashuka."

"Aitwe? Zefania jamani, unajua kabisa pembe imepigwa marufuku."

"Najua." Alitazama makande, akatazama ukungu. "Jenoveva, nikiamua peke yangu kwamba asome, nitambeba peke yangu. Na siwezi, unaniona. Lakini akiitwa bondeni, tutambeba wote. Wewe hukubebwa?"

Akaondoka bila kungoja jibu, akateremka, na ukungu ukammeza kuanzia miguuni.

Loo, alibebwa! Nani hakubebwa enzi zile? Mwalimu mkuu alikuwa Mwalimu Erasmo, mwembamba, kaptula yake imenyooshwa pasi mpaka inakata. Siku ya kufunga shule hakumwandikia mtu barua. Alisimama juu ya jiwe nyuma ya shule, akapiga pembe ya tandala, ile ile ya kuitia watu kazi ya pamoja, msaragambo, na kazi zote za bondeni zikasimama. La mgambo likilia kuna jambo. Kisha akaita mmoja mmoja: jina la mtoto, jina la baba, darasa, nafasi aliyoshika. Nyumba yao ikaitikia, "Ni wetu!" Na hapo milima yote miwili ikapokea, "Ni wetu sote!"

Neno lile halikuwa la kunogesha sherehe tu. Mtoto akishaitikiwa, huyu analeta maharage, yule daftari, mwingine anashona sare, na baba hawezi tena kumtoa shuleni bila kuulizwa na bonde zima. Hata walioshindwa waliitwa. "Ameteleza, ashikwe mkono," alisema Mwalimu Erasmo, na wakaitikiwa vile vile, bila kuchekwa. Atakayecheka alijua zamu yake inakuja.

Jenoveva aliitwa akiwa darasa la nne, uhuru uko mlangoni. Baba yake, mzee Sebastiani, siku ile alikuwa ndani ya ndiva na wenzake, tope magotini, wanazoa matope ya bwawa kabla ya kumwagilia. Alikwisha kumwambia mama kwamba msichana kusoma kumetosha, mbuzi hawana mtu. Jina likaja juu ya vichwa vyao: Jenoveva wa Sebastiani, wa kwanza! Mzee akasimama na koleo lake, watu wote wanamtazama. Kisha akaitikia, na sauti ikampasuka katikati. Mama mmoja wa ng'ambo, Ernesta, akauza kuku wake, akamnunulia viatu vya kuendea shule ya kati. Vilimbana vibaya sana. Alivivaa hivyo hivyo mpaka vikachanika.

Pikipiki ilisikika kabla haijaonekana. Mratibu Elimu wa Kata, Hamidu, kijana wa mjini Same, alifika ametota ukungu mpaka nyusi.

"Shikamoo, mwalimu. Huku kwenu ni friji!"

"Marahaba, mwanangu. Karibu moto. Chai ipo, sukari ndiyo hakuna. Imepanda mlima kutushinda sisi."

Hamidu akacheka, akaishika bilauri kwa mikono miwili. Hakuwa mtu mbaya. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa mbaya. Alifungua mkoba, akatoa bahasha ya fomu, na Jenoveva akaona kwa macho tu, hata bila kuzigusa, kwamba hazifiki nusu ya watoto.

"Hukuniletea hata moja ya ziada? Nimejaza matokeo yote kwenye kitabu changu. Natafuta karatasi moja tu, Hamidu."

"Zimetoka kwa majina, mwalimu. Kila moja na jina lake."

Saa nne wazazi waliolipia walikaa kwenye mabenchi mbele ya darasa la saba. Hawakujaza hata mabenchi mawili ya mbele vizuri. Zamani uwanja ule ulijaa mpaka watu wanakaa juu ya ukuta wa mawe. Jenoveva alizungumza juu ya utoro, vyoo na paa la darasa la pili. Kisha Hamidu akagawa fomu, mzazi akiitwa anainuka, anapokea, anaikunja, anaiweka mfukoni. Hakuna aliyepiga kigelegele. Ungepigaje kigelegele, jirani yako amebaki nyumbani kwa aibu?

Watoto wasio na fomu walisimama kwenye mstari wao pembeni, bakuli za makande mikononi. Eva alikuwa wa mwisho, mrefu, sweta lake limeishia viwikoni. Alimtazama mwalimu mkuu tangu mwanzo wa kikao hadi mwisho. Hakuuliza kitu. Angeuliza ingekuwa nafuu.

"Nendeni nyumbani," Jenoveva aliwaambia kikao kilipokwisha. "Nendeni taratibu, njia inateleza." Akasikia aibu kwa maneno yake mwenyewe.

Walipokwisha kuteremka, alimfuata Hamidu aliyekuwa akifunga mkoba kwenye pikipiki.

"Mratibu, nakuomba. Niwaite hawa waliobaki kwa njia yetu ya zamani. Yupo mtoto kesho anashuka Hedaru kuosha vyombo, na ni wa pili darasani. Kuitwa tu kunamtosha."

Hamidu alivuta pumzi. "Mwalimu, unanitafutia balaa. Wilaya wamesema zile kelele za jiweni mwisho. Tena matokeo ni siri ya mwanafunzi."

"Siri? Siri inayouzwa dukani?"

"Mimi na wewe tusibishane, mama yangu. Panga la kupunguza wafanyakazi limefika Same, hujui kesho linaanguka kwa nani. Nikisikia umeita na nikanyamaza, naondoka mimi. Nikisema, unaondoka wewe. Usiite, basi, tubaki wote."

Alikuwa anasema kweli, na ukweli wake ulimuuma Jenoveva kuliko ukali. Aliwaza miaka michache iliyobaki afikie pensheni. Aliwaza pia bibi yake mzaa baba, ambaye wakati wa kugomea kodi ya mkoloni, ile ya mbiru, alilala nje kule Same pamoja na wenzake, na aliporudi alisema jua la Same si kitu ukiwa na watu.

"Sawa, mwanangu," alisema. Akaingia ofisini.

Pembe ilikuwa nyuma ya mlango, kwenye msumari ule ule wa Mwalimu Erasmo, imejaa utando wa buibui. Aliishusha, akaifuta kwa upindo wa khanga yake nje na ndani, akapiga moyo konde, akatokea mlango wa nyuma. Hamidu alimwona akiwa tayari yuko juu ya jiwe.

"Mwalimu! Mwalimu Jenoveva, tafadhali!"

Pumzi ya kwanza ilitoka upepo mtupu. Hee, kumbe uzee ni huu! Akajipanga, akajaza kifua, akapuliza mara ya pili, na pembe ikaunguruma, ikateremka ndani ya ukungu, ikagonga mlima wa ng'ambo, ikarudi.

Aliyekuwa akipasua kuni akaacha. Mbwa wakabweka, wakanyamazishwa.

"Eva wa Zefania!" aliita kwa Chasu, lugha ya Wapare, kama alivyoitwa yeye. "Darasa la sita! Wa pili!"

Kimya.

Ukungu mweupe tupu mbele yake. Alijua Zefania amesikia. Nyumba yake iko chini kidogo ya mgomba ulioinama, sauti inafika pale kama umesimama mlangoni. Alijua pia kwa nini hajibu. Akiitikia, gari la kesho litaondoka bila Eva, na yeye atabaki na mtoto, kahawa mbovu na kifua chake. Jenoveva akahisi machozi. Pengine bonde lenyewe lilikwisha kusahau. Pengine kila mtu alikuwa amekaa kwake, amekunja mambo yake mfukoni.

"Eva wa Zefania!" Sauti ilimkwaruza. "Wa pili!"

Kutoka mbali juu, upande wa ng'ambo, sauti ya kizee ikapanda, nyembamba, inatetemeka: "Ni wetu!"

Ernesta! Bibi yule yule wa kuku, haoni tena vizuri wala hatoki nje. Naye alikuwa amevunja taratibu. Jirani haitikii kabla ya baba. Sehemu nyingine mtu akacheka, mwingine akadakia, "Ni wetu!"

"Nyamazeni!" Zefania akanguruma kutoka ndani ya ukungu, huku anakohoa. "Nyamazeni nyie! Baba yake nipo, sijafa!" Akakohoa tena, na bonde zima likamngojea. "Ni wetu!"

Na hapo pande zote mbili, juu na chini, nyumba zisizoonekana zikapokea kwa pamoja, wanaume, wanawake, vigelegele vikipasuka huku na kule: "Ni wetu sote!"

Jenoveva alilia waziwazi, wala hakujifuta. Alipogeuka, Hamidu alikuwa amesimama chini ya jiwe, kofia ya pikipiki mkononi, uso umempauka.

"Itabidi niandike, mwalimu."

"Andika, mwanangu. Sikulaumu. Ila andika na hili, kwamba wameitikia." Akainua pembe tena. "Na usiondoke kwanza. Bado wengi."

Aliwaita wote, walioshinda na walioteleza, mpaka sauti ikamwisha, na kila mmoja akaitikiwa.

Hamidu aliandika. Barua ya uhamisho ilifika likizo haijaisha: Jenoveva avuliwe ukuu, aende kufundisha shule ya tambarare, chini kabisa, ambako ukiita, sauti inakwenda tu porini hairudi. Alishuka na godoro lake juu ya magunia, kwenye gari lile lile la mnada.

Shule zilipofunguliwa Julai, Eva alikuwa dawatini kwake, amevaa sweta jipya la kufumwa, refu hadi viganjani. Mwalimu mkuu mpya alifungua ofisi, akakuta kila kitu mahali pake. Nyuma ya mlango palikuwa na pembe ya tandala kwenye msumari wake, safi, haina utando.