Alama za Meno kwenye Bonge Jekundu

Nilirudi kutoka soko la Feri na samaki wangu, nikamkuta mdogo wangu Violeth amekaa mezani anatafuna, midomo imekuwa myekundu. Mbele yake gazeti limekunjuliwa, na juu ya gazeti kuna bonge la udongo ukubwa wa ngumi, limemegwa pembeni.

"Asante dada," akasema. "Mgeni wako kaniachia zawadi."

Mimba ya Violeth ilikuwa ya miezi saba, na mbili za kabla yake zilitoka. Na lile bonge halikuwa udongo wanaouziwa wajawazito. Lilitoka kwenye kaburi la pwani la miaka mia nane iliyopita, kando ya mifupa ya mwanamke. Mwenzangu Khalfani, mtaalamu wa mambo ya kale, alilileta kwangu mimi mkemia nimpimie rangi yake, akaliacha mezani bila neno na kukimbilia Kariakoo kutafuta chaja ya mashine yangu ya kupimia. Mwanaume mzima, anaacha udongo mbele ya mjamzito!

Tena Khalfani alikuwa akiomba nyekundu ile iwe zingifuri, rangi ya zebaki iliyokuwa ikiletwa kwa meli kutoka ng'ambo. Angepata ushahidi wa biashara ya kale, na jina lake lingevuma. Lakini zebaki ni sumu.

"Tema!"

"Nimeshameza, dada. Kwani kuna nini?"

Nilipomweleza, alilisukuma bonge mbali naye. Khalfani aliporudi nilimpokea kwa maneno ambayo sitayaandika hapa. Yeye akachomeka chaja.

Mashine yenyewe ina umbo la drili. Unaielekeza kwenye kitu, inakipiga miali, na kila elementi iliyomo inajibu kwa namna yake. Nikailenga kwenye bonge, Khalfani amenishikia kiwiko.

Chuma. Zebaki, hakuna. Risasi, hakuna. Nikageuza bonge, nikapima upande wa pili, chuma tena. Nikalia palepale. Khalfani akasema "Alhamdulillahi," na aliimaanisha kabisa, ingawa ndoto yake ya zingifuri ilikuwa imeyeyuka.

"Mimi ningewaambia," Violeth akasema, sauti bado haijatulia. "Ladha ni ileile ya udongo wa Mama Severa anayeniuzia Kariakoo. Huu umepoteza harufu tu." Akafungua pindo la khanga, akatoa kipande.

Nilikipima ili kumridhisha. Udongo mwekundu karibu wote una chuma. Kinachotambulisha kilima ulikochimbwa ni elementi nyingine zinazoandamana na chuma, na kwa kiasi gani. Titani, vanadi, manganizi, zote zikaja kwa viwango vilevile vya bonge, moja baada ya nyingine. Maabara ingepaswa kuthibitisha, hilo najua, lakini huu ulionekana udongo wa kilima kimoja.

"Mama Severa anautoa wapi?" nikauliza.

"Kwao Lindi. Kaka yake anauchimba kilimani. Anasema mababu zao walikuwa wakichimba hapohapo."

Wareno wamepita, Wajerumani wamepita, Waingereza nao wamepita, na udongo wa kilima kimoja bado unasafiri kuja kuuzwa pwani. Miaka yote niliyosoma kemia sijawahi kujiona mdogo vile, na nilifurahi kuwa mdogo.

Khalfani alilichukua bonge akalisogeza dirishani. Pembeni mwa mmego mbichi wa Violeth kulikuwa na mmego mwingine, umejaa chokaa ya kaburini.

"Nilidhani sululu imelikwangua," akasema polepole.

Tukasogea. Zilikuwa alama za meno. Safu mbili ndogo, juu na chini, sawasawa na za mdogo wangu.

"Huyu dada wa kaburini," Violeth akauliza, "alikuwa mjamzito?"

Khalfani alinitazama mimi kwanza. "Alizikwa na mimba yake."

Violeth aliweka mkono tumboni. Kisha akalifunga bonge vizuri kwenye gazeti, akamkabidhi Khalfani, na juu yake akaweka kile kipande cha kwenye khanga.

"Ukimaliza kupima umrudishie," akasema. "Mimi nimemlia wake. Mpe na huu wangu."