Ufunguo wa Kituo cha Mlimani

Taa ya kituo cha mlimani iliwaka kwenye skrini mchana kweupe, ilhali kituo chenyewe kilifukiwa na maporomoko ya udongo tangu masika yaliyopita, pamoja na msimamizi wake, baba mdogo wa fundi.

Fundi alifikicha macho. Kazi yake ilikuwa kuunganisha kompyuta za vituo vya maji na makao makuu kwa njia ya siri, ipitayo ndani ya intaneti ya watu wote, na kila kituo kilikuwa na ufunguo wake. Kituo kikifa, ufunguo hufutwa siku hiyohiyo. Huu hakuufuta. Kila alipojaribu, mkono ulikataa. Aliona kama anamzika mzee kwa mikono yake mwenyewe.

"Kuna mtu kaingia kwa ufunguo wa mlimani," mkuu wa kitengo alisema nyuma yake. "Akizifikia pampu tumekwisha, mji mzima utakunywa anachotaka yeye. Futa!"

"Nipe dakika moja, bosi."

"Ya nini? Futa, dada!" Akatoka mbio kwenda kuwapigia simu watu wa pampu.

Fundi hakufuta. Aliandika neno walilolizoea kujaribia njia: "Hodi."

Vituo vyote hujibu "Karibu", basi. Mlimani tu ndiko kulikokuwa na mzaha, na mzaha ule waliujua wao wawili.

"Karibu, ila chai imekwisha."

Machozi yalimtoka kabla ya hofu. Mwili haukupatikana, na mama yake hadi leo hakubali kiti cha shemeji yake kikaliwe. Akaandika: "Baba mdogo, uko wapi?"

Jibu likatokea kwenye skrini.

"Futa ufunguo, mwanangu."

"Sitaki."

"Tulio huku tumeuona mlango. Si mimi peke yangu ninayetaka kupita."

Chini ya taa ya mlimani ikawaka nyingine, isiyo na jina la kituo chochote. Kisha nyingine, na nyingine, zikashuka hadi ukingo wa skrini. Feni za kompyuta zote ofisini zikaanza kuvuma kwa pamoja, na wenzake wakainua vichwa, wakilaumu umeme. Taa ya pampu ya kwanza ikageuka nyekundu.

"Upesi, mwanangu. Siwawezi."

Alitaka kumwambia kwamba anampenda, kwamba nyumbani hawajamsahau. Nafasi haikuwepo. Alifuta.

Taa zikazimika zote mara moja, ikabaki ya pampu, imerudia ukijani wake. Feni zikatulia.

Bosi alirejea akihema. "Umemtoa?"

"Nimemtoa," alijibu fundi, na aliposikia sauti yake ikilitamka neno hilo, akainamia meza na kulia kwa kwikwi.

Bosi akampigapiga begani, akamsifu kwa kazi nzuri.