Vipande vya Gauni la Bluu

"Mama Yusta, ule mwili wako umeupeleka wapi?"

Fausta aliniuliza hivyo siku niliyompelekea gauni langu la bluu alibane. Fausta ni jirani yangu hapa Korogwe, fundi cherehani, na tunasali jumuiya moja. Mwili wangu anaujua kuliko daktari, maana amenipima kwa futi yake miaka ishirini. Siku hiyo alizungusha futi kiunoni, akatazama namba, akazungusha tena, kisha ndipo akauliza, pini zikiwa mdomoni.

"Nimeuacha Dar es Salaam," nikamjibu.

Tukacheka. Ulikuwa ukweli mtupu, ila ulitoka kama utani, nami nikauacha uwe utani.

Watu wa hapa walijua nilikwenda Dar mwezi wa nane kumlea binti yangu Yusta aliyekuwa amejifungua. Mtoto alikuwepo kweli na nilimwogesha kweli. Lakini Yusta ni muuguzi, na kabla sijamshika mjukuu alinipeleka hospitali, madaktari wakanikata mfuko wa chakula, ukabaki mwembamba kama ndizi. Sukari ilikuwa inanimaliza, na magoti yalikuwa yamekataa ngazi za kanisa. Nilikubali kukatwa. Ila nilimwapisha Yusta asimwambie mtu. Nilijua watakachosema: mwanamke mzima, mjane, rozari mkononi, kashindwa kufunga mdomo wake mpaka kafungiwa kwa kisu.

Niliporudi niliishi kama mtu anayetembea usingizini. Vijiko vitatu vya uji, nimeshiba. Maji hayaruhusiwi pamoja na chakula, yanasubiri nusu saa. Chai ya sukari, niliyoinywa tangu utoto, ikishuka tu moyo unakwenda mbio, jasho linanitoka, nalala sakafuni mpaka dunia itulie. Nywele zilibaki kwenye kitana. Nilisikia baridi saa saba mchana. Ngozi ya mikono ilining'inia kama kanga iliyoanikwa, na pete ya ndoa ikawa inatoka yenyewe nikifua, nikaizungushia uzi.

Tumbo halikuwa na njaa. Mikono ndiyo ilikuwa nayo. Nilijikuta nimesonga ugali wa watu wanne, nimeketi nautazama ukitoa mvuke mpaka unapoa.

Na nikisinzia, Matayo anakuja. Matayo ni mume wangu, alifanya kazi kwenye mkonge tangu ujana, na sasa ni miaka sita tangu alipofariki. Alizoea kusema kwamba akishtuka akakosa mgongo wangu kitandani, anadhani amelala nyumba ya watu. Katika ndoto nyuzi za mkonge zimeanikwa pande zote, nyeupe, ndefu, zinacheza bila upepo, naye anapita katikati yake polepole mpaka mlangoni kwangu. Anabisha hodi. Nafungua. Ananitazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mgeni.

"Samahani, dada. Namtafuta Bernadina."

Bernadina ndiye mimi. Nataka kumwambia, sauti haitoki.

Mwezi wa pili tukaenda Kang'ata, kule Handeni, kwa kumbukumbu ya Matayo. Fausta alinisindikiza. Mwenyeji wetu alikuwa wifi yangu Amne, dada yake Matayo, aliyeolewa na Mwislamu akachukua jina hilo. Kila mwaka Amne anachinja jogoo, na firigisi ananipa mimi mbele ya watu wote. Firigisi ni ya mwenye nyumba. Mwenye nyumba hayupo, basi anaila mkewe.

"Kula, wifi," akasema. "Ya kaka hiyo."

Niliitazama kwenye sahani, ndogo, nyeusi, imekaza. Nyama ya namna ile ingenikwama kifuani nikagaagaa mbele za watu. Lakini ukweni kwangu ukiacha chakula hawasemi umeshiba. Wanasema unawaogopa, unadhani wametia kitu. Amne alikuwa bado amesimama, mkono haujaondoka kwenye sahani. Wanawake mkekani wakaacha kutafuna.

"Nisamehe, wifi," nikasema. "Nimefunga."

"Umefunga leo? Siku ya kaka?"

"Namfungia yeye."

Uso wake ukafunguka. Akaifunga firigisi kwenye jani la mgomba, akaniwekea mkobani. "Utafungulia jioni," akasema, kisha akawageukia wenzake. "Sisi tunafunga mwezi mmoja tunalalamika. Mwenzetu amefunga mpaka mifupa imechungulia." Wakacheka kwa heshima, ile ya kucheka na kuinamisha kichwa.

Ndani ya gari la kurudi tulikaribia nyumbani, milima ikaanza kujitokeza ndani ya wingu. Ndipo Fausta akasema taratibu, kama anayezungumza na dirisha, "Kumbe. Ndiyo maana."

Nikaupakata mkoba wenye firigisi.

Firigisi nilijaribu kuila jioni. Niliitafuna mpaka ikawa kama vumbi, na bado ilirudi. Nikasuuza mdomo, nikamwomba Matayo radhi. Alipokuja ndotoni, nyuzi zilikuwa nyingi zaidi, zimefika chini zinafagia ardhi. Samahani, dada, namtafuta Bernadina. Safari hii sauti ikatoka. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Amefunga." Akainamisha kichwa, akarudi alikotoka.

Jumapili iliyofuata jumuiya ilisali nyumbani kwangu. Baada ya sala Fausta akafungua kipochi anachowekea rozari, akatoa vipande vya kitambaa cha bluu. Ni vile alivyokata ubavuni mwa gauni langu, mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Hakuvitupa hata kimoja. Akavipanga mezani kando ya mshumaa.

"Mlikuwa mnaulizana," akasema. "Mwili wa Mama Yusta ni huu hapa. Ameutoa kwa mfungo."

Wanawake wakavigusa mmoja mmoja. Mimi nilitazama sakafu. Ingetosha sentensi moja. Niliyahesabu maneno yake, nikaona ni mengi.

Tangu hapo wakawa wanakuja. Huyu mtoto haongei, yule mume amehama chumba. Niliwaombea wote, na sala zile zilikuwa za kweli. Nilijiambia hiyo inatosha.

Kisha Fausta naye akafunga. Mwanawe Raymond alikwenda machimboni Geita, na sasa ulikuwa mwaka na miezi miwili hajapiga simu. "Sili mchana wala jioni mpaka simu iite," akaniambia, anacheka kidogo. "Nitalamba uji wa alfajiri tu. Nimepata mwalimu."

"Na dawa zako za sukari?"

"Nameza kama kawaida. Dawa siyo chakula."

"Dawa hizo hazimezwi tumbo tupu, Fausta. Zitakuangusha."

"Mbona wewe umeweza? Na wewe una sukari."

Nilikuwa nayo. Ilishuka nilipokatwa. Siku ile na iliyofuata nilikuwa nachungulia kupitia ua wa michongoma. Cherehani yake ilikwenda, ikasimama, ikasimama muda mrefu zaidi. Nilisubiri isikike ndipo nipumue. Mara mbili nilivaa viatu niende kumwambia, mara mbili nikavivua.

Siku ya nne alikuja mwenyewe, saa tisa, kunipima. Gauni la bluu lilikuwa limelegea tena. La kwake nalo lilikuwa limelegea, amelibana kwa pini mbili mgongoni. Akazungusha futi kiunoni mwangu na mikono ikawa inatetemeka. Futi ikaanguka. Jasho lilikuwa limemtiririka mpaka shingoni, na macho yanatazama mlango nyuma yangu.

"Mfungulie Raymond," akasema kwa upole. "Anabisha muda mrefu."

Mlangoni hapakuwa na mtu. Jasho lile nalijua. Nilimshika kwapani nikamkalisha, nikachukua sukari ninayowawekea wageni, nikamtia chini ya ulimi, nikakoroga nyingine kwenye maji nikamnywesha kidogo kidogo. Zamani ningembeba kama mtoto. Sasa nilimwegemea na yeye akaniegemea, sijui nani alimshikilia mwenzake. Nje mvua ndogo ilikuwa inapita juu ya bati, haina haraka.

Macho yake yakarudi. Nikapasha uji, nikamwekea kikombe mkononi.

"Siwezi," akasema. "Bado hajapiga."

"Kunywa, Fausta."

"Wewe usingekunywa."

Nikafungua vifungo vya blauzi. Nikapandisha shimizi mpaka chini ya matiti, nikasimama mbele yake na ngozi yangu inayoning'inia, na yale makovu matano madogo kama mahali pa vifungo.

Akayatazama. Ni fundi, anajua kitu kilichokatwa.

"Lini?"

"Mwezi wa nane. Nilikatwa mfuko wa chakula. Siwezi kula hata nikitaka."

"Na Yusta kujifungua?"

"Alijifungua. Lakini nilikwenda kwa ajili ya kisu."

"Kang'ata?"

"Sikuwa nimefunga. Alfajiri ile nilikunywa uji, wewe ukiwa bado unafunga mzigo wako."

Mvua ikaongezeka kidogo, ikapungua.

"Nilipoweka vile vipande mezani ulikuwa umekaa pale pale," akasema.

"Nilikuwa nimekaa."

"Ukaniachia."

"Nilikuachia."

"Nimemwambia Mungu anisikie kama anavyokusikia wewe."

Nilifunga vifungo vya blauzi, na vidole vikawa vizito, kama vile vya zamani.

Fausta akakiinua kikombe. Alikunywa polepole, anapumzika, anakunywa tena, macho yake ukutani kwenye picha ya Matayo. Nilimtazama mpaka akaufikia mwisho wa uji, mpaka akakigeuza kikombe na tone la mwisho likaingia mdomoni. Rangi ilikuwa imemrudia midomoni. Akajaribu kusimama, miguu ikamhimili.

Akaokota futi, akaikunja. Akafungua kipochi cha rozari, akatoa vile vipande vya bluu vyote, akanipangia mapajani, kimoja juu ya kingine, akalainisha cha juu kwa kiganja kama anavyofanya kabla ya kushona. Kisha akajitanda kanga kichwani, akatoka, akaingia kwenye mvua.