Waridi Jekundu la Lusubilo

Ketrina alijisifu Isansa nzima kwamba hasemi jambo kabla hajaliona kwa macho yake mawili. Lakini asubuhi ile ya Desemba, alipolikuta waridi la marehemu mumewe limechanua maua meupe, madogo, ya petali tano tano kama ya porini, alipiga kelele kabla hata hajanawa uso.

"Nimeibiwa!"

Waridi lile lilikuwa jekundu. Lusubilo alilinunua ng'ambo ya mpaka, akavuka nalo Tunduma likiwa mche mmoja ndani ya mfuko wa sukari, akalipanda mbele ya nyumba. Tangu azikwe, kila Krismasi Ketrina alimpelekea maua yake kaburini. Mwaka huu angempelekea nini, hivi vyeupe?

Hakuenda mbali kumtafuta mwizi. Mwizi alikuwa jikoni anachochea moto: Tabita, mke wa mwanawe Amoni. Amoni mwenyewe alikuwa utingo wa malori, na nyumbani alionekana kama mvua ya Julai. Kamwachia mama yake binti wa wafugaji wa Ndalambo, asiyejua kahawa wala kitu, na Ketrina hakupata kumwamini hata siku moja. Mtu mpole kiasi kile lazima ana lake jambo.

Na ushahidi ulikuwepo. Kila alfajiri Tabita alizunguka nyuma ya jiko na kikombe cha maji. Akiulizwa, "Namwaga tu, Mama." Nani anamwaga maji kwa kikombe? Halafu mwezi wa nane, Ketrina alipolipogoa waridi, binti huyu, ambaye kwa heshima humsemesha kwa wingi, alisimama akashika shavu. "Mama, mmelikata lote?" Kumbe alikuwa anapima pa kuchimba! Kang'oa jekundu, kapanda la porini, jekundu kaliuza mjini. Mambo yalijipanga yenyewe kichwani mwa Ketrina, na kila alipoyapanga upya yalimkaa vizuri zaidi.

Jumanne akamsimamisha Danford, dereva wa wanunuzi wa kahawa aliyekuwa akiteremka Momba kupitia Ndalambo. "Mwambie Makene aje amchukue mwanawe. Kwangu mwizi hakai."

Jumamosi alfajiri akamnyatia. Tabita aliinama nyuma ya jiko, akainua gunia, akamimina maji taratibu. Ketrina alimsukuma pembeni. Chini ya gunia palikuwa na makopo manne ya mafuta ya kupikia, kila kopo na kijiti cha waridi chenye majani. Kimoja kilikuwa na ua. Jekundu!

"Nilijua! Nilijua mimi!"

"Mama, niliviokota kwenye rundo mlilotupa," Tabita alisema. "Siku ile mlipokata. Kwetu mche hautangazwi kabla haujashika. Nilitaka niwape Krismasi."

"Na lile la mbele nani kalibadilisha?"

"Hakuna aliyelibadilisha. Njooni muone."

Tabita alifukua udongo kwa vidole. Shina lilikuwa lilelile, nene, la miaka. Kilitokea kinundu, mahali ambapo miche miwili ilifungwa pamoja ikawa mmoja: jekundu juu, la porini chini kwenye mizizi. Na shina lilikuwa limekatwa chini ya kinundu, kwa mshazari, jeraha limepakwa jivu na samadi.

Ketrina aligusa lile jivu. Isansa nzima hakuna mwingine aliyepaka jivu na samadi. Ndivyo alivyofufua mibuni iliyozeeka: unaikata hadi kisiki, unachagua chipukizi la chini kabisa, unang'oa mengine yote, kahawa inazaa upya. Aliyemfundisha ni Lusubilo mwenyewe. Naye akalifanyia waridi kama mbuni, akalitupa jekundu jalalani, akalilea la porini kwa samadi miezi minne. Aibu ilimpanda hadi masikioni.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningewaambia nini, Mama? Mngesikia?"

Jua lilipokwisha kutoka, Makene alifika. Alisimama uani na fimbo yake, akakataa kiti.

"Nimeitwa. Mwanangu ameiba nini?"

Ketrina aliomba ardhi ipasuke, haikupasuka. "Hajaiba, Baba Tabita. Niliharibu mimi kwa mkono wangu, nikambebesha yeye. Nisameheni. Abaki."

Tabita akaingia ndani, akatoka na mfuko wake, umefungwa kamba. Ulikuwa umefungwa tangu Jumanne, maana Danford hakujua kunong'ona. Siku zote zile za kupeleleza, Ketrina hakuwa ameuona.

"Umesema mwizi mbele ya dereva," Makene alisema bila kupandisha sauti, "na dereva amesema kwetu Ndalambo, kwenye mnada wa ng'ombe, mbele ya watu wote. Mimi hapa nimekusikia, mkwe. Mnadani hawajakusikia."

Ketrina alitazama mfuko, akatazama makopo. Akaenda ndani, akajifunga kitenge kipya. Alipotoka alibeba lile kopo lenye ua, akatangulia barabarani kungoja gari la kuteremka.

"Mama, ua ni la Baba," Tabita alimwambia. "Krismasi ni keshokutwa."

"Atangoja," alijibu Ketrina. "Yeye hajaitwa mwizi."

Krismasi ile kaburi la Lusubilo halikupata ua. Ua lilikuwa Ndalambo, kwenye mapaja ya mjane wake, aliyekuwa akirudia maneno yaleyale, "Hajaiba, niliharibu mimi," kwa kila aliyepita mnadani, tangu asubuhi.